Mama aliugua mkanda wa jeshi, sasa anasahausahau. Vinahusiana?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi msomaji wenu wa hapa Tanga, Ngamiani. Mama yangu ana miaka 71, mwaka juzi aliugua mkanda wa jeshi ubavu wa kushoto, malengelenge yakakauka ila maumivu yakakaa miezi. Tangu mwaka jana kumbukumbu zinampotea. Juzi kakuna nazi, kakamua tui mwenyewe kaliweka kwenye bakuli, kageuka anatuuliza nani kachukua nazi yake, tukimwonesha machicha analia eti tunamfanya mwehu. Kaka kasoma kwenye simu kwamba virusi vinaleta ugonjwa wa kusahau, majirani wanasema ni mkono wa mtu. Je, ni ule mkanda? Na wajukuu wanaolala naye hawataambukizwa? – Binti wa Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hilo la machicha limenigusa.

Kaka yako hajasoma uongo. Mkanda wa jeshi unaletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga, ukiugua utotoni ukapona hakitoki mwilini, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka 50 au 60, kinga ikilegea kwa uzee au maradhi ndo kinaamka. Sasa kule Wales, Uingereza, walianza kuwapa wazee chanjo ya mkanda wa jeshi Septemba 2013 na wakaweka mpaka, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baada ya hapo anachanjwa, aliyemtangulia hata kwa siku moja ndo basi tena, hapati maisha yake yote. Yaani wazee wamepishana siku chache tu kuzaliwa, maisha yaleyale, hospitali zilezile, kinachowatofautisha ni sindano. Watafiti wakawafuatilia miaka 7, wakakuta waliochanjwa wamepata ugonjwa wa kusahau pungufu kwa kama asilimia 20, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake. Matokeo yalitoka 2025 kwenye jarida la Nature na mimi nayaona ni mazito kwelikweli. Kabla yake, 2023, rekodi za wagonjwa wa Finland na Uingereza zilionesha waliowahi kuvimba ubongo kwa virusi, au kulazwa kwa mafua makali yenye nimonia, ndo waliopata zaidi magonjwa ya ubongo baadaye. Na virusi vya Ukimwi visipotibiwa navyo vinaharibu kumbukumbu.

Ila hatari kuongezeka si hukumu mwanangu. Wazee wengi wanaugua mkanda na wanafika miaka 90 wanakumbuka madeni ya watu wote mtaani. Siwezi kuangalia kovu la ubavuni nikakwambia hili ndo limekula kumbukumbu za mama. Na mkono wa mtu msiusikilize, kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na kuendelea walikuta kama 6 kati ya 100 wana ugonjwa huu, ni maradhi kama presha.

Kinachonisumbua hujaniambia kama ameshapimwa. Mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe presha, sukari, damu, tezi la shingo, VVU pia na msione haya maana mkanda wa jeshi wenyewe ni sababu tosha ya kupima, halafu macho na masikio, mzee asiyesikia vizuri anaonekana kasahau kumbe hakusikia. Na beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata za dukani. Nina hasira sana na piritoni, wazee wanapewa kila usiku wapate usingizi na dawa hiyo inawavuruga akili. Halafu akichanganyikiwa ghafla, jana mzima leo hakujui, usingoje kliniki, kimbia naye hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa malaria au yutiai na hiyo inatibika.

Wajukuu walale naye tu, kusahau hakuambukizi. Mkanda wenyewe, malengelenge yakiwa mabichi, maji yake yanaweza kumpa tetekuwanga mtoto ambaye hajawahi kuugua, ila ya mama yalishakauka zamani. Ukimtoka tena wahi ndani ya siku 3 apewe asaikloviri, dawa ya kupunguza nguvu ya kirusi hicho, msipake majivu wala dawa ya meno. Chanjo yake haimo kwenye ratiba yetu ya taifa, hospitali ndo watakwambia kama kuna pa kuipata.

Na ile habari ya nazi, msimwoneshe tena machicha. Akiuliza iko wapi mwambie mama tui lako lile limetoka zito, njoo ulionje chumvi, akae na wewe jikoni akoroge.