Sherehe na lugha hapa Mombasa
Je, sherehe zasaidia watu kujua lugha zaidi ya moja? Ndio, zasaidia sana, mfano harusi zetu tu. Nenda harusi ya Wadigo kule Likoni, khutba ya nikahi yasomwa Kiarabu, shekhe amuusia bwana harusi kwa Kiswahili, halafu ngoma ya sengenya ikianza nyimbo ni Kidigo kitupu na majirani Wakamba na Wajaluo waitikia mpaka maneno yawakaa, maana kiitikio charudiwa mara nyingi na hakuna wa kukucheka ukikosea. Mie nimekulia huko, watoto wa majirani waliimba Kidigo bila kufunzwa na mtu. Ila sherehe yakupa salamu na nyimbo tu, kuongea sawasawa lazima ukae na wenyewe kila siku.