Kikosi cha 120: kuzamisha haikuwa kazi yote

Umeuliza Kikosi cha 120 cha jeshi la anga la Uingereza kilizamisha nini hasa katika Vita vya Pili vya Dunia, maana doria nyingi za kuwinda nyambizi zilirudi mikono mitupu. Ni kweli, zilirudi hivyo. Lakini hesabu ya nyambizi zilizozama haikupi picha nzima.

Kikosi kilianza Juni 1941 pale Nutts Corner, Ireland ya Kaskazini, kikapewa ndege za Liberator. Hizo ndizo zilizoweza kufika katikati ya Atlantiki, ambako ndege nyingine ziliishiwa mafuta na nyambizi za Kijerumani zikawa zinajitawala. Baadaye kikawa kinaruka kutoka Reykjavik, Iceland, pia.

Mfano mzuri ni Desemba 8, 1942. Rubani Terence Bulloch alikuwa akilinda msafara wa meli HX 217. Siku hiyo aliona nyambizi nane, akashambulia saba. Mabomu ya kina, yaani yale yanayolipuka chini ya maji, yalimwishia kwenye mashambulizi mawili ya mwanzo. Zilizobaki alizifuata kwa mizinga na bunduki tu. Utasema kazi bure, sivyo? Ila nyambizi ikishapiga mbizi inatembea kwa betri, polepole, na msafara unaiacha nyuma. Kuilazimisha ipige mbizi kwa hofu kulitosha kuokoa meli.



Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi 41 kwa jumla, na Dönitz, mkuu wa jeshi lao la majini, akaziondoa zilizobaki Atlantiki ya Kaskazini.