Anti Anajibu: Vijana watakujaje kuona vitu vya kale vya China?

SWALI: Shikamoo anti. Mi Mtanzania nasoma Zhengzhou, China. Chuo chetu kinaandaa maonyesho ya utamaduni wa jadi wa Kichina, ruksa kwa yeyote, kutakuwa na maandishi ya brashi, vyombo vya udongo, nguo za zamani na chai, sasa sisi wanafunzi wa nje tumepewa kazi ya kuyatangaza. Posta tuliyoletewa ina dragoni, taa nyekundu na maneno "miaka 5,000 ya historia", basi. Wachina wenzetu darasani wameiona wakacheka. Tufanyeje vijana waje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao waliocheka wamekusaidia bure, maana nani anatoka bwenini jumamosi kwenda kuangalia miaka 5,000? Mtu anafuata kitu. Chagueni kimoja, ndo kiwe sura ya maonyesho yote, vingine atavikuta akishaingia.

Halafu uko penyewe kabisa! Makumbusho ya mkoa wa Henan yako hapo hapo Zhengzhou, na mwisho wa 2020 yalitikisa mitandao na boksi la udongo. Unanunua, ndani kuna bonge la udongo mkavu na koleo dogo la kuchezea, unachimba taratibu mpaka unakutana na nakala ya chombo cha kale, hujui utapata nini. Watu wakawa wanajirekodi wanachimba nyumbani kwao. Na mtu akishahangaika na udongo muda wote huo, kikitoka lazima aulize hiki kilikuwa cha nini.

Ila mimi ninaowavulia kofia ni makumbusho ya mkoa wa Gansu. Wana farasi wa shaba, alichimbuliwa Wuwei mwaka 1969, kila picha rasmi anapigwa ubavuni, anapaa, mguu mmoja umekanyaga ndege, heshima tupu. Sasa mzunguke umwangalie kwa mbele: mdomo wazi, meno nje, kama mtu aliyelazimishwa kucheka kwenye picha ya harusi. 2022 makumbusho yakatoa mdoli wa kijani wenye sura hiyo hiyo ya mbele, mbaya mpaka unaupenda, ukagombaniwa ukaisha. Hawakubuni kichekesho jamani, kilikuwepo kwenye shaba muda wote, zaidi ya miaka 1,700, wao walizunguka tu.

Kwa hiyo kabla hamjagusa tangazo nendeni mkavizunguke hivyo vitu vyenu, angalieni chini ya sahani, ndani ya mkono wa nguo, muulizeni mwandishi wa brashi herufi gani inamsumbua mpaka leo, huko ndo kuna stori. Na rekodini mikono ikifanya kazi, sio mgeni rasmi anakata utepe (najua mtalazimishwa kumweka, mwekeni mwishoni). 2016 televisheni ya China ilionyesha mafundi wa kasri la kifalme Beijing, ambalo siku hizi ni makumbusho, wale wanaokarabati saa na michoro ya wafalme, vipindi vitatu tu, na waliovipenda kuliko wote ni vijana wa mtandaoni. Mle ndani kuna watu wamekaa mezani wanasafisha kutu, hakuna zaidi.

Mkiweza wekeni meza ya mgeni kuandika mwenyewe jina lake kwa brashi aondoke nalo. Litatoka baya, atalipost tu.

SWALI: Habari anti, niko Nairobi. Hiyo yote si biashara tu? Naona lipstiki za kasri la Beijing, sumaku za friji, hadi aiskrimu. Utamaduni umeisha, imebaki duka.

JIBU: Nusu nakubali. Lipstiki ya 2018 hata mimi sijaona inamfundisha mtu nini. Lakini sumaku ya taji la malkia, mke wa mfalme Wanli, iliyotolewa 2024 na Makumbusho ya Taifa Beijing, imefanya watu wapange foleni mbele ya taji lenyewe, lenye lulu na manyoya ya ndege mdiria. Na aiskrimu ya sura za shaba za Sanxingdui, eneo la machimbo ya kale mkoani Sichuan, ile ya chokoleti waliiita ladha ya "kufukuliwa ardhini", hapo sina neno. Mi napima hivi tu, kidude kinamrudisha mtu kwenye kitu chenyewe au kinaishia mkobani? Na usisahau 2015 kasri la Beijing lilipoonyesha mchoro mmoja wa enzi za wafalme wa Song, mrefu mita 5 na kitu, geti likifunguliwa watu wanatoka mbio kuwahi foleni, wanasimama masaa na masaa. Kilichowakimbiza ni mchoro, mdoli haukuwepo.

SWALI: Sisi wa Malindi hayo ya China yanatuhusu nini?

JIBU: Aa, nyie ndo msiulize! Mfalme Yongle aliyejenga hilo kasri la Beijing, likakamilika 1420, ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Sarafu ya enzi yake iliokotwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, 2013. Na magofu ya Gedi hapo jirani yenu yametoa vigae vya vyombo vya Kichina, ukienda ingia na kwenye makumbusho yao, usiishie kupiga picha ukutani.