Raita ya Kuchomea CD ya Masta: Usinunue Spidi, Nunua Vipimo

Juma lililopita kijana mmoja wa Pongwe, hapa Tanga, mwenye studio ndogo ya kurekodia kaswida na taarabu, aliniandikia ujumbe ulioanza kwa "Shikamoo kaka" na kumalizika kwa swali moja: anunue raita ipi ili CD ya masta, yaani ile ya kutolewa nakala, atakayoipeleka kiwandani isirudishwe? Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa ninyi nyote mnaorekodi muziki mnataka kazi zenu zivuke Ngamiani na kusikika mbali, na wengi wenu mmekwisha kuambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba CD ni CD.

Maneno hayo aliniambia kiongozi wa kikundi kimoja cha taarabu cha hapa Tanga, mbele ya waimbaji wake, siku aliyokuja kuchukua kazi yake ili aipeleke kwa mtu mwenye mnara wa raita zinazochoma kwa spidi ya 52, yaani mara 52 ya mwendo wa kuisikiliza CD. Sikubishana naye. Kiwanda kilipoirudisha CD ile alirejea kwangu bila hata kutaja yaliyopita, nikamchomea nyingine kwa spidi ya 8, ikapokewa. Ahsante sijaipata mpaka leo, lakini grafu ya vipimo vya CD hiyo nimeibandika ukutani, na kila mteja anayeingia huiona kabla hajaketi.

CD ya sauti hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila chaneli, kila sampuli ikiwa na biti 16, na ndani yake umo mfumo wa kusahihisha makosa ya usomaji. Makosa ya daraja la C1, yaani yanayonaswa katika hatua ya kwanza ya usahihishaji, hupatikana kwenye kila CD, na kanuni za CD zinaruhusu wastani usiozidi 220 kwa sekunde. Ya C2 ni yale yaliyoushinda usahihishaji wa kwanza, na kwenye masta halitakiwi hata moja. Redio ya sebuleni itayafunika yote usisikie kitu, ndiyo maana sikio pekee haliwezi kukuambia kama CD yako inafaa.

Kwa hiyo tafuta kwanza raita inayoweza kukupa hesabu hiyo, kwani si zote zinazoweza. Mimi natumia Plextor Premium, ya kuunganishwa ndani ya kompyuta kwa waya mpana wa IDE, ambayo hupima C1 na C2 kwa programu ya PlexTools. Raita nyingi za Lite-On nazo hupima kwa programu ya KProbe, na kwa mwenye mfuko mdogo zinatosha kabisa. Yamaha CRW-F1 ya mwaka 2002 ilikuwa na njia ya kurefusha alama zinazoandikwa ili zisomeke kwa uthabiti zaidi, ila CD ya dakika 80 hubakiwa na dakika 68, na sijamwona mwimbaji wa taarabu anayekubali kupunguziwa beti. Hizi zote sasa utazipata kwa mtumba tu.

Ile 52 ya kwenye boksi isikubabaishe. Raita ya namna hiyo huanza chini ya nusu ya spidi hiyo upande wa ndani wa CD na kuifikia karibu na ukingo wa nje, na mara nyingi hapo ndipo mstari wa C1 uliokuwa ukitambaa chini huanza kupanda, yaani kwenye wimbo wa mwisho. Wapo wakongwe wanaoshikilia spidi ya 1, nami nawaheshimu, lakini CD tupu za siku hizi hazikutengenezewa mwendo huo, na yangu hutoa C1 nyingi zaidi kwa spidi ya 4 kuliko kwa 8.

Raita iwe pia na uwezo wa kuchoma CD nzima kwa mkupuo mmoja. Ikizima mwale wa leza kati ya wimbo na wimbo, pale kwenye maungio mashine za kiwandani huona makosa yasiyosahihishika, na maulidi yaliyorekodiwa mfululizo yatakatika. Zile nyembamba zinazonyonya umeme wa USB mimi sizitumii kwa masta.

Vijana, mnapenda kuulizana bei na spidi, mkishachoma mnabandika lebo na kukimbilia basi. Pimeni! Anayetaka jina lake liandikwe kwenye kazi hana budi kuwa na subira ya kuisubiri programu imalize kuhesabu, na asiyekuwa nayo asimlaumu fundi.

Kwa kijana wangu wa Pongwe: nenda dukani na CD tupu za aina utakayoitumia, mwombe muuzaji muichome moja mpaka ijae, kisha ipimeni papo hapo. Lenzi iliyokwishaliwa na chumvi ya huku pwani itajionyesha kwenye grafu. Akikataa kupima, mwachie raita yake.