Sifa za Wahindi Ughaibuni Zisikulevye

Vijana wenye asili ya Kihindi wanaojiandaa kuhamia Uingereza kutoka Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi huniandikia wakiwa na hofu ya matusi. Wanauliza kama watatukanwa barabarani, kama majina yao yatawakosesha kazi, kama watoto wao watachekwa shuleni kwa sababu ya chakula walichofungashiwa. Hofu hiyo ina msingi, na nitaigusia. Hata hivyo, baada ya kuishi Leicester, mji wa Uingereza, kwa muda mrefu, mimi niliyezaliwa na kukulia Tanga katika familia ya Kigujarati, naona kwamba jambo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi ni sifa. Mhindi ughaibuni husifiwa kuwa ni mchapakazi, mtulivu, hodari wa hesabu, msomeshaji wa watoto na mtu asiyeisumbua serikali. Wengi wanaosema hivyo wana nia njema kabisa, lakini sifa hizo zina gharama, na gharama hiyo humwangukia anayesifiwa pamoja na jirani yake.

Nilipofika nilianza kwa kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha kufungasha vyakula. Wengi wetu tulikuwa wanawake wa Kigujarati, baadhi wakiwa na ndugu zao Kampala na Kisumu, na tulipotaka msimamizi asituelewe tulizungumza Kiswahili. Msimamizi huyo alipenda kusimama mwishoni mwa mkanda unaopitisha bidhaa na kutuambia kwamba anafurahia kufanya kazi na Wahindi kwa sababu hawalalamiki. Mwezi mmoja, saa za ziada tulizofanya hazikuonekana kwenye hati zetu za mshahara. Mama mmoja wa makamo, ambaye sote tulimwita Masi, alikuwa na mazoea ya kuandika saa zake za kuingia na kutoka kwenye kalenda ndogo aliyopewa hekaluni, kwa kalamu ya bluu, kila siku kwenye kisanduku chake. Aliipeleka kalenda ile ofisini, akaifungua mezani na kuomba wahesabu pamoja. Tulilipwa mwezi uliofuata. Kilichobaki moyoni mwangu ni namna msimamizi alivyobadilika baada ya hapo: hesabu yenyewe hakuweza kuipinga, lakini alijiona amesalitiwa, kana kwamba ukimya wetu ulikuwa sehemu ya mkataba wa kazi.

Ndiyo maana mimi humwambia kila kijana anayeniandikia asome habari za Jayaben Desai kabla ya kupanda ndege. Mama huyu mzaliwa wa Gujarat aliishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na Agosti 1976 alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini magharibi mwa London, kwa kukataa kushurutishwa kufanya saa za ziada. Mgomo aliouongoza ulidumu hadi Julai 1978. Maelfu ya wafanyakazi wa nchi nzima, wakiwemo wachimbaji wa makaa ya mawe, walikuja kusimama langoni pamoja na wanawake waliovaa sari. Wagomaji hawakupata walichokidai, yaani chama chao cha wafanyakazi kutambuliwa na mwajiri, lakini magazeti yaliyozoea kumwonyesha mwanamke wa Kihindi kama mtu mnyonge asiye na sauti yalilazimika kuchapisha picha za mwanamke mfupi, mkoba mkononi, akibishana uso kwa uso na polisi warefu.

Kuna jambo jingine ambalo kijana anapaswa kulijua: sifa hizi ni changa. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria iliyowafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza, isipokuwa wale ambao wao wenyewe, mzazi au babu zao walikuwa na chimbuko nchini humo. Idi Amin alipotangaza Agosti 1972 kuwa Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, kwa maelezo kwamba nyumba na shule za mji zimejaa. Walikuja. Walifungua maduka na viwanda vidogo, wakaipa uhai mpya Belgrave Road, na leo mji huohuo hujivunia taa za Diwali za barabara hiyo mbele ya wageni. Wahindi wa tangazo la 1972 na wa sherehe za leo ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba walifanikiwa, na mtu anayepokelewa kwa sababu ya mafanikio anabaki na deni la kufanikiwa kila siku.

Utamaduni wa wengi, hasa televisheni, umechangia sana picha hii. Kwa miaka mingi Mhindi aliyejulikana kuliko wote Marekani alikuwa Apu, mwenye duka katika katuni ya The Simpsons, ambaye tangu mwaka 1990 sauti yake ilitiwa na Hank Azaria, mwigizaji mzungu, kwa lafudhi ya kuchekesha. Ilipofika mwaka 2020 Azaria alitangaza kwamba hataendelea na sauti hiyo. Watoto wengi wa Kihindi walikuwa wamekwisha kukua wakiitwa jina hilo viwanjani. Siku hizi mwenye duka amebadilishwa kuwa daktari au mtaalamu wa kompyuta, na watu hudhani hapo tatizo limekwisha. Mimi sikubaliani. Picha nzuri iliyo moja nayo humnyima mtu nafasi ya kuwa mtu kamili. Namfahamu kijana aliyeacha masomo ya famasi kwa sababu ya sonona na akakaa kimya muda mrefu, kwa kuwa kila aliyemzunguka, wazungu kwa Wahindi, alikuwa na hakika kwamba watu wa aina yake hawashindwi.

Wala sifa hazilindi. Srinivas Kuchibhotla alikuwa mhandisi aliyesoma, mwenye kazi nzuri katika jimbo la Kansas, mhamiaji hasa wa aina inayopigiwa mfano. Februari 2017 alipigwa risasi na kufa katika baa mjini Olathe na mtu aliyewapigia kelele yeye na rafiki yake watoke katika nchi yake. Muuaji hakuulizia vyeti.

Gharama ya jirani ndiyo inayonisumbua zaidi. Mhindi anaposifiwa, mara nyingi kuna mwingine anayesemwa: Msomali, Mkaribi, mkimbizi aliyevuka bahari kwa mtumbwi. Nilifurahi, kama jamaa zangu wote wa Tanga, Rishi Sunak alipokuwa Waziri Mkuu Oktoba 2022, mtoto wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika. Lakini Aprili mwaka huohuo Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, ambaye wazazi wake walihamia Uingereza kutoka Uganda, alikuwa ametia saini Kigali mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Kila mwanasiasa ana haki ya msimamo wake. Ninachokikataa ni hoja niliyoisikia mezani kwetu wenyewe, kwamba sisi tulikuja kwa utaratibu na hawa ni wavamizi. Wazee wetu nao waliitwa wavamizi, katika mitaa hiihii.

Kwa hiyo ukiambiwa kazini kwamba Wahindi ni wachapakazi tofauti na watu fulani, usitabasamu ukapita. Jibu kwa adabu kwamba unafanya kazi na hao watu fulani na unawajua kuwa wachapakazi. Mmoja akisema hivyo, mara nyingi mazungumzo hubadilika. Ukiulizwa umetoka wapi, sema Tanga au Mombasa bila kujieleza zaidi ya unavyotaka. Usiwafiche watoto wako kwamba jamii yetu pia ina masikini, wagonjwa wa akili na wanaoshindwa mitihani, na wasaidie walio hivyo hadharani, hekaluni na msikitini, badala ya kuwaficha chumbani kwa ajili ya heshima ya jamii. Ukitukanwa au kushambuliwa kwa sababu ya asili yako, toa taarifa polisi kwa namba 101, au 999 kukiwa na hatari ya papo hapo, na uandike tarehe, saa na majina ya walioshuhudia siku hiyohiyo. Jiunge na chama cha wafanyakazi tangu mwezi wako wa kwanza kazini, hata kama msimamizi ni mwema na hata kama shangazi yako anakwambia usijitafutie matata. Malipo yakipungua, shirika la Acas hutoa ushauri wa bure kuhusu haki za kazi, nao watakuuliza kwanza kama una kumbukumbu. Hivyo andika saa zako mwenyewe kila siku na utunze hati zote za mshahara.