Jibu: Kupaka rangi mstari mzima wa mkopaji aliyechelewa (Excel)

Mkuu, umesema kwenye daftari la mikopo la kikoba chenu ni seli ya tarehe tu inayowaka nyekundu, wakati wewe unataka mstari mzima wa aliyechelewa, na kwamba hata mistari mitupu huko chini imewaka. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, nakupa ninachokitumia.

Ile Less Than ya haraka (kanuni iliyo tayari ndani ya Conditional Formatting, yaani kupaka rangi kwa masharti) inapaka seli inayoipima, basi. Ukitaka mstari mzima, andika fomula. Tuseme majina yako safu ya A, tarehe ya mwisho ya rejesho D, salio la deni F, na vichwa viko mstari wa 1. Chagua A2 hadi F200, ingia Home, Conditional Formatting, New Rule, kisha Use a formula to determine which cells to format. Andika:

=AND($D2<>"",$D2<TODAY(),$F2>0)

Bonyeza Format, chagua rangi kwenye Fill, maliza.

Hiyo dola mbele ya D inaifunga safu, ili seli za A, B na C zote zitazame D ya mstari wao. Ukiiacha, A itatazama D, B itatazama E, na rangi zitatapakaa ovyo. Ukizidisha ukaweka $D$2, daftari zima litamfuata mkopaji wa kwanza. Namba 2 nayo lazima ilingane na mstari unaoanzia kuchagua. Mwenzetu mmoja alichagua kuanzia A2 akaandika $D1, kila mtu akawa anahukumiwa kwa tarehe ya aliye juu yake. Kikao cha siku hiyo kilikuwa kirefu!

Mistari mitupu iliwaka kwa sababu Excel inaichukulia seli tupu kama sifuri, na tarehe kwake ni namba tu, kwa hiyo sifuri ni ya zamani kuliko siku zote. Kipande cha $D2<>"" kinazuia hilo. $F2>0 inamwacha aliyekwisha maliza deni.

Sasa kama kuna mtu unajua kabisa kachelewa na mstari wake bado ni mweupe, usiguse fomula, kagua tarehe yake. Kompyuta nyingi zimewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia. Ukiandika 25/04/2025, mwezi wa 25 haupo, basi inabaki kuwa maandishi, na kwa Excel maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote, hayatawaka milele. Utayatambua yameegemea kushoto, tarehe halisi huegemea kulia. Yachague, Data, Text to Columns, Next mara mbili, Date weka DMY, Finish. Zinazonitisha mimi ni kama 03/04/2025, maana inapokelewa kimya kimya ikiwa Machi 4 badala ya Aprili 3. Hizo linganisha na daftari la karatasi moja moja, kisha badilisha mpangilio wa nchi kwenye Windows kabla hujaingiza nyingine.

Ukitaka na njano ya wanaokaribia, wiki moja kabla:

=AND($D2>=TODAY(),$D2<=TODAY()+7,$F2>0)

Ningeishia rangi hizo mbili. Nimeona daftari lenye rangi sita, hata mwenyewe alikuwa anauliza zambarau ni nini.

Kunakili na kubandika mistari hukatakata kanuni za rangi vipande vipande, hivyo bandika kwa Paste Values, na mara moja moja fungua Manage Rules uchague This Worksheet ufute za ziada. Idadi ya waliochelewa usiitafute kwa rangi, tumia =COUNTIFS(D2:D200,"<"&TODAY(),F2:F200,">0").

Kwa wa Google Sheets, fomula ni zilezile, ila unaingilia Format, Conditional formatting, Custom formula is. Ikikataa mkato, jaribu nukta mkato.