Re: Kwa nini Musa hakumrithisha mwanawe?

Shalom ndugu. Umeuliza kwa nini uongozi ulikwenda kwa Yoshua, si kwa Gershomu au Eliezeri, wana wa Musa.

Anza na Hesabu 27:15-23. Musa mwenyewe anamwomba Mungu kiongozi, na wanawe hawatajwi kabisa. Kwenye darasa letu la Biblia huwa nawarudisha watu Kutoka 33:11: Musa anarudi kambini, kijana Yoshua habanduki hemani, yaani hema Musa alikokutana na Mungu. Aliandaliwa hapo, miaka mingi kabla ya kuwekewa mikono.

Usiruke Hesabu 27:20-21, wengi huipita: Yoshua anapewa sehemu ya heshima ya Musa, na maamuzi atayauliza kupitia Eleazari kuhani.

Kilichorithiwa kwa damu ni ukuhani: Hesabu 20:28, Haruni, kuhani na ndugu yake Musa, anavuliwa mavazi ya kikuhani, anavikwa Eleazari mwanawe.